Samaki wa mwanangu anatema kila chakula, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Ilazo hapa Dodoma. Tulihamia mwezi wa tano baada ya baba watoto kupata uhamisho wa kikazi kutoka Dar es Salaam. Mtoto wangu mkubwa ana miaka tisa na kuhama kulimuuma sana. Aliacha shule, aliacha marafiki, aliacha mpaka uwanja wa mchanga aliokuwa anachezea mpira. Wiki za kwanza alikuwa anakaa tu barazani, ukimwongelesha anaitikia kwa kichwa.

Mjomba wake alipokuja kututembelea akamletea samaki mmoja wa mapambo, mwekundu, mwenye mapezi marefu kama khanga iliyoanikwa penye upepo. Wanamwita beta. Alisafiri naye kwa treni, yumo ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa, mjomba kalipakata mpaka Dodoma. Mwanangu akampa jina la Mnyama, kwa wekundu wake na kwa mapenzi ya timu yake. Tangu siku hiyo mtoto akachangamka. Akirudi shule hapiti jikoni, anakwenda kwanza kwa Mnyama.

Mwanzoni samaki alikuwa anakula vizuri. Tukitia zile punje alizokuja nazo, anapanda juu mbio na kudaka. Mwezi wa sita ulipofika katikati, mambo yakabadilika. Anaidaka punje, anaitema, anaidaka tena, anaitema, halafu anaiacha izame. Siku hizi hata kupanda hapandi. Leo ni siku ya kumi na moja, na nilichomwona akimeza kwa macho yangu ni punje mbili tu.

Shangazi, nimejaribu kila kitu. Aliyeniuzia chakula dukani alisema samaki huyu anachagua, nibadilishe aina, nikanunua makopo matatu tofauti. Nimempa chembe za mkate, ugali laini, kiini cha yai, wali, na dagaa niliowasaga kwenye kinu. Hagusi. Maji yanaingia ukungu na kunuka, nabadilisha, kesho yake yamenuka tena. Jirani yangu anasema samaki ana deko, mwache njaa imfunze. Baba watoto anasema tunamnyenyekea samaki kama mgeni rasmi.

Yumo kwenye bakuli la kioo la lita tatu hivi, nimeliweka dirishani sebuleni ili apate mwanga. Asubuhi anakuwa amelala chini, ameegemea kijiwe. Mchana jua likiingia dirishani huwa anainuka kidogo, anazungukazunguka, halafu jioni anarudi palepale.

Juzi mwanangu amekaa anamtazama, akaniuliza, "Mama, Mnyama naye anataka kurudi Dar?" Nilikosa la kumjibu. Naomba uniambie ni chakula gani samaki huyu atakipenda, na huyu mtoto nimwambie nini.

Mama mwenye samaki, Ilazo

*

Marahaba, mwanangu. Karibu Dodoma, na pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye sentensi ileile: mchana jua likiingia dirishani huwa anainuka kidogo. Jibu ulikuwa nalo tayari, ni kwamba kila uliyemuuliza alikuwa anatazama kopo la chakula. Mnyama hachagui chakula wala hana deko. Mnyama anasikia baridi.

Sisi watu, baridi ikitupiga, mwili unajipasha wenyewe kwa ndani na njaa inazidi. Samaki hana uwezo huo. Maji yakiwa na digrii 18, na yeye tumboni ana digrii 18, na kila kilichomo mwilini mwake kinapunguza mwendo: moyo, misuli, mmeng'enyo wa chakula. Akimeza, kile chakula kinakaa tumboni bila kusagika. Ndiyo maana anadaka kwa mazoea kisha anatema. Njia ya kwenda mbele imefungwa, naye anajua.

Sasa angalia tarehe. Alipofika kwenu, akala. Katikati ya mwezi wa sita akaacha. Hicho ndicho kipupwe chetu kinapoingia. Dodoma iko juu, takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi digrii 13 au 14. Upepo wake nao umeshausikia. Bakuli la lita tatu lililowekwa dirishani linakwenda na hali ya hewa kama sufuria iliyosahaulika uani: alfajiri limepoa kabisa, alasiri limepata moto, usiku limepoa tena. Dar, hata katika miezi hii, maji yanayokaa ndani ya nyumba hayafiki baridi hiyo. Mjomba wake alimfuga vizuri bila kufanya lolote, kwa sababu mji wenyewe ulimfanyia kazi.

Beta asili yake ni Thailand na nchi za jirani zake, kwenye madimbwi, mifereji na mashamba ya mpunga yenye maji ya kina kifupi na joto. Wathai wanamthamini kiasi kwamba mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Joto analolitaka ni kati ya digrii 24 na 28. Kwangu mimi, digrii 26 ndiyo ya kulenga. Chini ya digrii 22 utamwona anazubaa, na kadiri yanavyopoa zaidi chakula hakitaki kabisa.

Nakuandikia haya kwa uchungu kidogo. Beta wangu wa kwanza, miaka mingi iliyopita nikiwa nakaa Kikuyu hapahapa Dodoma, alinifia mwezi wa saba. Nilifanya yote uliyoyafanya wewe. Kila alipokataa chakula niliongeza kingine, kikazama, kikaoza, maji yakachafuka, samaki akazidi kudhoofu. Wakati ule hapakuwa na wa kunieleza. Kwa hiyo usijilaumu hata kidogo, ila kuanzia leo usimtilie chochote kwa siku mbili.

Ndiyo, usimpe chakula. Najua amekaa siku kumi na moja karibu bila kula na roho inakuuma. Lakini beta mzima anaweza kukaa bila kula hata wiki mbili, na baridi inafanya nguvu zitumike polepole zaidi. Kinachomwumiza sasa hivi kuliko njaa ni ule ugali na mkate unaooza chini ya bakuli. Chakula kikioza kinatoa amonia, na amonia inaunguza matamvua yake. Ule ukungu na harufu uliyonieleza ni dalili ya huko kuoza.

Jambo la kwanza, leo hii hii, ondoa bakuli dirishani. Lihamishie kwenye meza iliyo mbali na dirisha na mlango, mahali ambapo upepo haupiti. Jioni lizungushie blanketi kuukuu au boksi la karatasi pande zote, juu acha nafasi ya hewa. Beta ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja, ndiyo maana unamwona anapanda juu na kubugia. Ukimfunika kabisa unamnyima pumzi. Na hewa ya juu ya maji ikiwa baridi sana nayo inamdhuru, kwa hiyo mfuniko wenye matundu ni mzuri kuliko kuacha wazi. Isitoshe samaki hawa huruka nje. Nimeshaokota mmoja sakafuni alfajiri.

Usiku huu chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, tia maji ya vuguvugu unayoweza kuyashika bila kukunja uso, funga vizuri, ioshe nje kwa maji matupu, kisha iweke kwenye bakuli ielee. Ikipoa badilisha. Joto lipande polepole, digrii moja au mbili kwa saa chache. Usimmiminie maji ya moto ndani, mshtuko wa joto unaua haraka kuliko baridi.

Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Dawa yenyewe ni chombo kikubwa zaidi na hita. Watu wengi wanaamini beta anapenda kukaa kwenye bakuli dogo kwa sababu dukani amewekwa kwenye kikopo. Kule anavumilia tu. Mtafutie chombo chenye ujazo wa ndoo moja kubwa, zile za lita 20. Si lazima liwe tangi la kioo la gharama. Kontena la plastiki angavu, lile la kuhifadhia nguo, linatosha kabisa mradi halijawahi kutiwa sabuni. Maji mengi hayapoi haraka, na uchafu ndani yake unachukua muda mrefu zaidi kuwa sumu.

Ndani yake weka hita ya tangi la samaki yenye kujizima na kujiwasha yenyewe. Kwa lita 20 wengi hutumia wati 25, lakini kwa baridi ya hapa ningechukua wati 50. Iweke digrii 26. Usiiweke kwenye lile bakuli la lita tatu, maji machache yanaweza kupata moto kupita kiasi naye yumo ndani. Waya wake uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likiteleza lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Na mwambie kijana wako kabisa: mkono hauingii majini mpaka plagi imechomolewa. Umeme ukikatika, rudi kwenye blanketi na chupa.

Nunua na kipimajoto cha tangi. Kile cha homa hakifai, cha kioo kinaanza kusoma digrii 35, na samaki akifika huko yuko hatarini sana.

Kuhusu maji neno fupi tu. Mji wetu kwa muda mrefu umetegemea visima vya Makutupora, na kama bado hujaona, tazama ndani ya birika lako ule ukoko mweupe. Ni maji magumu yenye chumvichumvi. Beta anayazoea, hayo hayatamuua. Ila hewa yetu ni kavu na upepo unakausha maji haraka, na yanayokauka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Ukiwa unaongezea tu kilichopungua, kila wiki chumvi inazidi. Kwa hiyo toa robo ya maji kila wiki na utie mapya yaliyolala wazi kwenye ndoo kwa siku nzima, ili klorini itoke, na yawe na joto lilelile. Mwezi wa kwanza kwenye chombo kipya fanya hivyo mara mbili kwa wiki.

Haya, sasa chakula, maana ndicho ulichoniuliza.

Mtazame mdomo wake. Umeelekea juu. Samaki wengi wanaookota chakula chini, midomo yao imeelekea chini. Mnyama ameumbwa kudaka kilicho juu ya maji au karibu na juu: mdudu aliyeangukia majini, viluwiluwi vya mbu, vidudu vidogo vya dimbwini. Ni mla nyama. Ugali, wali na mkate tumboni mwake vinavimba bila kusagika. Kiini cha yai kinayeyuka kabla hajakifikia. Dagaa uliowasaga walikuwa wazo zuri kwa upande wa nyama, lakini waliokaushwa mara nyingi wana chumvi, wana mafuta, na unga wake unatawanyika. Kwa hiyo kati ya vyote ulivyojaribu, ni zile punje peke yake ndizo zilizomfaa.

Tumbo lake ni dogo, takriban ukubwa wa jicho lake. Ukilikumbuka hilo hutakosea kipimo. Punje mbili au tatu asubuhi, mbili au tatu jioni, basi. Siku moja ya wiki usimpe kitu, tumbo lipumzike. Punje zikiwa kubwa zivunje katikati, kwani beta hutema pia kitu kilicho kigumu au kikubwa kuliko koo lake, kisha hukidaka tena kikishalainika. Kutema mara moja si kukataa. Mngoje. Na kopo likishafunguliwa likakaa miezi mingi kwenye joto, punje hupoteza harufu na vitamini, samaki huziona kama vipande vya mti. Katika yale makopo matatu bakiza moja lenye chembe ndogo zaidi, ambalo orodha yake inaanza na samaki, kamba au wadudu badala ya ngano. Lifunge vizuri, liweke penye giza.

Maji yakishakaa digrii 25 au 26 kwa siku mbili, usianze na punje. Anza na kitu kinachotikisika. Samaki aliyekaa muda mrefu bila kula anahitaji kukumbushwa, na kinachomkumbusha ni mwendo.

Kwa msimu huu mimi hutumia vijinzi vya matunda, vile vidogo vinavyozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi, na ambavyo msimu wa zabibu havitupi nafasi hapa Dodoma. Tia kipande cha ndizi kwenye chupa ya kioo, kunja karatasi kama faneli, ichomeke mdomoni mwa chupa, iweke kwenye kona ya jiko yenye joto. Wanaingia, kutoka hawajui. Ukishapata kumi au zaidi, weka chupa kwenye friji dakika chache wapoe, kisha kung'utia wawili watatu juu ya maji. Hakikisha tu kwamba hapo jikoni hakuna aliyepuliza dawa ya wadudu, hata jana yake, kwani kiasi kidogo sana kinamuua samaki.

Kaa hapo na mwanao mtazame. Nzi akizinduka anaanza kutapatapa, na kila mguu wake unatoboa kishimo kidogo kwenye ngozi ya maji. Samaki aliyekuwa kimya anageuza jicho moja. Anasogea taratibu kwa chini, mapezi ya kifuani yanapepea, anasimama kama anayefikiri. Halafu utasikia mlio mdogo, kama mtu aliyepiga ulimi kwenye kaakaa, na nzi hayupo. Nimeuona mchezo huu kwa miaka na bado naacha chai ipoe nikiutazama.

Viluwiluwi vya mbu ndivyo chakula anachokipenda kuliko vyote, nami sitakuficha. Lakini una watoto ndani, na mbu ni mbu. Usifuge mbu kwa ajili ya samaki. Ukivikuta kwenye kopo la bustanini au sahani ya chini ya chungu cha maua, vichote kwa kichujio cha chai, visuuze, mpe vitatu au vinne vilivyo hai ambavyo atavimaliza palepale, vingine mwaga juani, na lile kopo lipindue. Usichote kwenye mtaro wa maji machafu, wala kwenye maji yaliyotiwa dawa, wala kwenye bwawa lenye samaki wengine, huko kuna vimelea. Hivi sasa ni kiangazi, huenda usipate hata kimoja. Masika yakija vitakuwa tele.

Ukikosa vyote hivyo, nenda wanakouza samaki wa kugandishwa, nunua kamba mmoja. Mchemshe bila chumvi wala mafuta, mkwangue chembe iliyo ndogo kama kichwa cha pini, ichomeke kwenye ncha ya kijiti cha meno na uichezeshe majini mbele yake. Sato naye anafaa, nyama nyeupe isiyo na mwiba, naye lazima achemshwe. Kilichobaki baada ya dakika tano kitoe. Nyama ya ng'ombe na kuku usimpe, mafuta yake hayasagiki kwenye joto la mwili wake.

Akishakula vitu vinavyotikisika kwa siku tatu nne, ndipo urudishe punje. Asubuhi, akiwa na njaa, tia punje moja iliyochovywa kwenye maji ya yule kamba. Akiimeza, tia ya pili. Akiitema na kuiacha, itoe na usimpe mbadala mpaka jioni. Hapa ndipo neno la jirani yako lina ukweli wake: beta aliyepata joto akazoea vya hai anaweza kweli kuanza kugomea punje, na njaa ya siku moja mbili inamrudisha. Kosa la jirani ni kumtia njaa samaki aliyeganda. Tia chakula saa ileile, kona ileile ya chombo, gonga kioo kidogo kwa kucha kabla ya kutia. Baada ya wiki utamkuta anakusubiri hapo.

Kuna jambo jingine dogo. Chunguza kama kwenye bakuli hilo anaona kivuli chake mwenyewe, au kama mtoto humwekea kioo ili avimbishe mashavu. Watoto wengi hupenda kufanya hivyo. Beta ni mpiganaji, Wathai wanamwita samaki mng'ataji, na akimwona "adui" kutwa nzima anachoka na kuacha kula. Dakika mbili kwa siku hazimdhuru, lakini asishindie hapo.

Sasa nikuambie lini joto na chakula havitoshi. Kama ana vidoa vyeupe mwilini mithili ya chembe za chumvi, kama choo chake ni cheupe na kirefu kama uzi, kama mapezi yameliwa kingo, huyo anaumwa na anahitaji dawa, na joto peke yake halitamponya. Mtazame pia kutoka juu. Akiwa amevimba na magamba yamesimama kama ya kakakuona, hali hiyo ni mbaya na wengi hawaponi. Kwa maelezo yako sioni hata dalili moja kati ya hizi, na samaki anayeinuka mchana akazunguka ana nguvu bado. Ninalo tumaini kubwa naye.

Kuhusu mwanao. Mwambie ukweli kwamba hapana, Mnyama hataki kurudi Dar, anataka tu maji ya joto kama ya Dar, na hayo tunaweza kumtengenezea hapahapa Ilazo. Kisha umpe kazi. Mtoto wa miaka tisa anaweza kusoma kipimajoto na kuandika kwenye daftari: tarehe, digrii za asubuhi, digrii za jioni, amekula nini, amemeza au ametema. Yeye ndiye atahesabu punje. Usimfiche pia kwamba beta haishi miaka mingi, kwa kawaida miwili hadi minne, na dukani huuzwa akiwa tayari mkubwa. Akikuuliza kama Mnyama atapona, usimwapie. Mwambie tunamfanyia kila kinachotakiwa na tunamtazama kila siku. Mtoto aliyehamishwa mji mzima bila kuulizwa anajua akidanganywa.

Na baba watoto umwambie Shangazi anamsalimu na anamwomba hita.

Ukishapata kipimajoto usingoje samaki ale ndipo uniandikie. Nitumie namba mbili tu kutoka kwenye daftari la kijana: ya saa kumi na mbili asubuhi, na ya saa tisa mchana.